Losheni ya upele na mikono inayotawadha

"Dawa hii haifanyi kazi." Hayo ndiyo maneno ya mtu anayerudi dukani na chupa tupu ya BBE (benzyl benzoate), ile losheni ya upele, nyeupe kama tui. Kabla ya kumpa nyingine, muulize: mikono uliipaka mara ngapi?

Mdudu wa upele hujichimbia zaidi katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na viwiko. BBE ya asilimia 25 yapasa ikae mwilini saa 24. Ndani ya saa hizo anayeswali huweza kutawadha mara tano, na kila mara huosha mikono hadi viwiko na miguu hadi vifundoni. Ongeza kunawa kabla ya wali na baada yake. Jioni mgongo una dawa, mikono haina kitu, na wadudu wenyewe wako mikononi. Basi kila ukishatawadha na kukauka, paka tena pale palipooshwa. Chupa ya siku hiyo ikae karibu na birika, ila juu, watoto wasiifikie.

Ukipata krimu ya permethrini ya asilimia 5, hesabu ni nyepesi. Yenyewe hukaa saa 8 hadi 14, kwa hiyo ukijipaka baada ya Isha, tuseme saa 2 usiku, ukaamka kuoga saa 11 alfajiri, umetimiza saa 9 bila udhu kuingia kati. Hurudiwa baada ya siku 7.

Kupaka kwenyewe: oga maji baridi, si ya moto, jifute, kisha kaa penye upepo mpaka jasho likatike. Joto la kaskazi halina huruma, na losheni iliyopakwa juu ya jasho huteleza tu. Tikisa chupa sana. BBE ikitulia, mafuta yake hujitenga na maji, na ukimimina bila kutikisa, mmoja atapata dawa kali na mwingine maji meupe. Anza nyuma ya masikio na shingoni, ushuke hadi nyayoni: kwapani, kitovuni, chini ya matiti, kinenani, kati ya makalio. Kata kucha na upake chini yake. Macho na mdomo, usiguse. Palipokwaruzwa patachoma kama pilipili, hilo ni la kawaida. Lakini penye usaha patibiwe kwanza. Saa 24 zikiisha, oga, kisha paka mara ya pili, na hapo ndipo mwisho.

Mtoto wa miaka 2 hadi 12 hapakwi dawa isiyochanganywa na maji. Changanya kijiko 1 cha losheni na kijiko 1 cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Chini ya miaka 2 ni kijiko 1 kwa vijiko 3 vya maji, saa 12 tu, mara moja, na mvishe soksi mikononi asije akalamba. Wa chini ya miezi 6, na mama mjamzito, waende kliniki kwanza. Na tafadhali, dawa iliyobaki isiwekwe kwenye chupa ya soda. BBE ikinywewa inaweza kuleta degedege.

Nyumba nzima ijipake usiku uleule, hata bibi wa ghorofani anayesema yeye hawashwi. Anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, na wakati huo anawagawia wengine. Asubuhi yake, leso, mashuka na kanzu zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Kisichofulika, kama mto, kitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko (mifuko ya nailoni hapa Kenya tulishakatazwa tangu 2017) na kifungiwe siku 4. Mdudu asiye na ngozi ya mtu hamalizi siku hizo.

Sasa kosa linaloumiza zaidi. Wadudu wakishakufa, mwasho hubaki wiki 2 hadi 4, kwa sababu mizoga na kinyesi chao bado vimo ndani ya ngozi. Mtu hudhani upele haujaisha, anapaka tena, na tena. BBE hukausha ngozi na kuichubua, ngozi iliyochubuka huwasha, anapaka zaidi. Ikifikia hapo, kinachomwasha ni dawa. Aiache, apake mafuta ya nazi, na mwasho ukizidi usiku amwombe mfamasia kidonge cha mzio. Krimu ya steroidi ya kuazima kwa jirani haifai: hutuliza mwasho huku upele, kama bado upo, ukienea kimyakimya.

Kwa kina mama wanaotoka harusini: malengelenge yanayofuata michoro ya piko nyeusi si upele. Ni mzio wa rangi, na BBE juu yake ni kutia chumvi kwenye kidonda.

Vipele vipya vikizuka baada ya mwezi, nenda hospitali, na wa nyumbani mwako nao wakaangaliwe vidole siku hiyohiyo.