Jina lako kwenye picha lina ulinzi wa sheria

Wapiga picha wenzangu wa Lamu, tafadhali msiache hata picha moja itoke mkononi bila jina. Nimekuwa nikipiga mashindano ya majahazi kwa miaka, na picha niipendayo kuliko zote niliikuta kwenye tangazo la hoteli: tanga limevimba, mabaharia wamekalia ubao nje ya chombo, na pale chini kulia palipokuwa na jina langu pamechorwa maji. Mtu alikaa kitako, akalifuta jina herufi kwa herufi. Hilo liliniuma kuliko pesa nilizokosa.

Nilipouliza nikaambiwa, "Ndugu yangu, picha ya mtandaoni haina mwenyewe." Ina mwenyewe! Kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinakupa haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na haki hiyo haihamishiki ukiwa hai, hata ukiuza picha yenyewe. Kifungu cha 35 nacho kinasema kuondoa au kubadilisha bila ruhusa taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye kazi ni ukiukaji. Kinga kama hiyo imo katika mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, na Marekani waliitungia sheria mwaka 1998.

Kwa hivyo jina la pembeni pekee halitoshi. Liandike ndani ya faili pia: programu nyingi za kuhariri picha zina sehemu ya kujaza mtunzi, mwenye hakimiliki na mawasiliano. Mteja mtumie kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, taarifa hizo hupotea njiani. Faili asili ya kamera usimpe mtu, ndiyo shahidi wako. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si lazima ili ulindwe, lakini cheti hufupisha mabishano.

Ukikuta jina limefutwa, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na anwani ya ukurasa, kisha mwandikie aliyeitumia, kwa adabu, na uuhifadhi ujumbe huo. Utauhitaji. Tangu marekebisho ya 2019 unaweza kuitaka kampuni ya huduma za intaneti iizuie picha hiyo ndani ya saa 48 za kazi, na ombi lako huambatana na kiapo au tamko linaloeleza juhudi ulizofanya kumtaka mhusika aiondoe.