Weka Ufagio Chini, Kalunguyeye Wapite

Juma lililopita, saa tano na dakika kumi usiku, kamera yangu ndogo ilinasa picha niliyoisubiri tangu 2022: kalunguyeye jike anatoka nyuma ya kibanda cha zana, na nyuma yake watoto wanne, wanafuatana kama chekechea wanaovushwa barabara. Nililia. Mume wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka nyumbani.

Nikaituma kwenye kundi letu la Watanzania wa huku Uingereza. Haikupita saa, dada mmoja wa Northampton akaniandikia pembeni: "Shikamoo dada. Mimi nimeweka kibanda, nimeweka maziwa, mwaka wa pili huu sijaona hata mmoja. Wewe unatumia nini?"

Unatumia nini! Kana kwamba ni mafuta ya nywele. Lakini marahaba mdogo wangu, na nimeona nikujibu hapa, maana najua hauko peke yako. Sote tuliokodi vijishamba ugenini ili tupate mchicha wa kueleweka tuna kilio kimoja: konokono wale wasio na kombe, wanaomaliza miche usiku mmoja.

Kwanza majina, kwa sababu kundini watu walianza kubishana. Kalunguyeye si nungunungu. Nungunungu ni lile jitu lenye miiba mirefu linalomaliza mihogo ya watu. Kalunguyeye anaenea viganjani, miiba yake ni mifupi kama sindano, elfu tano hadi saba mwilini. Nyungunyungu naye ni yule wa kwenye udongo, na huyo ni kitoweo cha kalunguyeye, pamoja na mbawakawa na viwavi. Kalunguyeye hula konokono pia, ila usimtarajie afanye kazi ya shamba zima. Mimi nilimtarajia hivyo, nikamlaumu bure.

Sasa hadithi yenyewe.

Ploti yangu, yaani kijishamba changu cha kukodi hapa Leicester, niliipata 2019, baada ya kusubiri kwenye orodha miaka mitatu. Ilikuwa pori: miiba ya blakiberi, magogo, majani yaliyorundikana. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mama alitulea kwa ufagio wa chelewa. Jua likichomoza uwanja uwe umeshafagiwa na mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Jani likikutwa mlangoni saa mbili asubuhi, ni aibu ya nyumba nzima. Basi ploti ile nikaifagia kwa akili hiyohiyo. Nilichoma majani yote. Nikang'oa vichaka vya mpakani, nikasimamisha uzio wa mbao uliokaa chini kabisa, hata panya asipenye. Kisha nikamwaga vile vidonge vya bluu vya kuua konokono, mkono wa ukarimu. Wazungu walikuwa wakisimama njiani kutazama, nami nikajua wananisifu.

Mzee wa ploti ya jirani, Mwingereza wa umri wa babu yangu, aliniambia siku moja, polepole, bila kunilaumu: "Zamani kalunguyeye walikuwa wengi hapa." Nikatabasamu tu. Sikujua kwamba ananijibu swali ambalo sijauliza.

Na mchicha uliliwa vilevile.

Mwaka 2022 serikali ya huku ilipiga marufuku vile vidonge vya bluu, vyenye sumu ya metaldehaidi, kutumika nje, kwa sababu vinadhuru ndege na wanyama, kalunguyeye wakiwamo. Sijifanyi mtakatifu: bila marufuku ile ningekuwa navimwaga hadi leo. Ndipo nikaanza kusoma, na nilichosoma kiliniuma. Tangu 2020 kalunguyeye wa Uingereza wamo kwenye orodha nyekundu ya mamalia walio hatarini nchini humu. Nami nilikuwa nimewafungia mlango, nimewachomea kitanda na kuwawekea sumu, halafu najisifu kwa usafi.

Mwaka huohuo alikuja mmoja. Aliingilia getini, nilipolisahau wazi. Nikamwekea maziwa na mkate, mapokezi ya mgeni kama tulivyofundwa. Asubuhi nikakuta sahani tupu na kinyesi cha majimaji pembeni, na hakuonekana tena. Kalunguyeye hawezi kumeng'enya maziwa. Yanamharisha, na mnyama mdogo akiharisha sana anakufa. Kwa hiyo mdogo wangu wa Northampton, leo hii, kabla hujamaliza kusoma, nenda ukamwage hayo maziwa. Weka maji matupu kwenye sahani ya kina kifupi. Chakula ni cha paka au cha mbwa, cha nyama. Wale funza wakavu wa paketi waache, wakizidi wanamharibu mifupa.

Miezi iliyofuata sitaisimulia. Ilikuwa kukaa gizani na tochi nikiangalia paka wa watu akila chakula nilichonunua mimi.

Nitakalolisimulia ni la 2023, maana bado linanikereketa. Nilikuwa nimeanza kuacha kona moja ya nyuma ijiotee yenyewe: majani, magogo, nyasi ndefu. Ikaja barua kutoka kwa wanaotukodisha kwamba ploti yangu haitunzwi, nijirekebishe au ninyang'anywe. Mimi! Binti wa mama yule! Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na mikono ya unga. Kabla sijajibu, mtu akapitisha mashine ya kufyekea pembezoni mwa ile kona "kunisaidia". Namjua, simtaji. Kalunguyeye akisikia kishindo hakimbii. Anajikunja donge na kusubiri hatari ipite, na mashine haijui donge. Nilimkuta asubuhi. Nilimzika chini ya mti wa plamu, peke yangu. Yule bwana tunasalimiana mpaka leo, lakini salamu yenyewe ni ya mdomoni.

Basi, nilifanya nini baadaye? Nilikwenda kwa mzee jirani na msumeno mkononi, nikamwomba tukate tundu kwenye uzio wetu, sentimita 13 kwa 13. Kalunguyeye anapita hapo, mbwa wengi hawapiti. Alicheka, akasema amenisubiri miaka minne. Kisha tukaenda wote kwa jirani wa tatu, na wa nne. Hili ndilo jibu la swali lako, dada, na sina jingine kubwa kuliko hili: tundu. Mnyama huyu anaweza kutembea kilomita mbili kwa usiku mmoja akitafuta riziki. Bustani yako peke yake haimtoshi hata kama umemjengea jumba la kifahari. Wewe umeweka kibanda. Je, mlango wa kufikia hicho kibanda uko wapi? Ongea na majirani. Najua tulivyo, tunaishi miaka kumi na mtu ukuta kwa ukuta na jina lake hatulijui. Kwa kalunguyeye utalijua. Toboa tundu.

Halafu acha uchafu wenye heshima. Kona moja tu: magogo, majani makavu, nyasi zisizoguswa. Majani hayo ndiyo godoro lake, kwa sababu kuanzia Novemba hivi hadi Machi analala usingizi wa baridi, na bila majani hapati pa kulala vizuri. Mama aliona kona hiyo kwenye simu ya video akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu fagio haziuzwi?" Nilimweleza kwa nusu saa. Akanyamaza, kisha akasema nisimwonyeshe shangazi.

Kuna ndugu mwingine aliniuliza kama anaweza kununua kalunguyeye dukani akamwachia bustanini. Ndugu yangu, hapana! Yule wa dukani kwa kawaida ni jamii ya kwetu Afrika, mwenye vidole vinne kwenye miguu ya nyuma. Baridi ya huku itamuua kama ilivyotaka kutuua sisi mwaka wa kwanza. Na kumtega wa porini bila kibali ni kosa, sheria ipo tangu 1981. Hawa hawanunuliwi wala hawakamatwi. Wanakuja wenyewe wakikuta njia, na njia ni lile tundu.

Mengine ni ya kuchungulia tu. Chungulia nyasi ndefu kabla ya kufyeka. Wavu wa kufunikia stroberi uinue sentimita 30 kutoka chini, miiba ya kalunguyeye inanasa humo. Na tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapowasha mioto, lile rundo la kuni lihamishe siku hiyohiyo ndipo uliwashe, maana aliyetafuta kitanda tangu wiki iliyopita yumo ndani. Tunapenda kusema hawa Wazungu wanajali wanyama kuliko watu. Sawa, semeni. Lakini mtu asiyeweza kugeuza rundo la kuni kwa dakika kumi ili kuokoa roho, hebu asinihubirie kuhusu watu.

Mkitaka kujua kama anapita kwenu kabla ya kununua kamera, tafuteni kinyesi asubuhi: cheusi, kinang'aa, na ndani yake vipande vya magamba ya mbawakawa. Mimi nilikiona Aprili mwaka huu, nikampigia mzee jirani simu saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Alikuja na viatu vya ndani.

Jike akisumbuliwa kwenye kiota anaweza kuwatelekeza watoto, hata kuwala. Jembe langu liko nyuma ya kibanda, hatua mbili kutoka kwake. Nimeazima la mzee.