Kuanza kuijua imani ya Kikristo

Ndugu yangu unasema umeanza Biblia toka Mwanzo ukakwama Mambo ya Walawi, na kanisani unaogopa kuingia maana hujabatizwa. Pole, hapo Walawi tumekwama wengi, mi mwenyewe nilikwama kwenye zile sheria za ukoma nikaifunga miezi kadhaa hahaha. Anzia Injili ya Marko, ndo fupi kuliko zote nne, sura 16 tu, jioni moja unamaliza. Ukifika sura ya 9 tulia kidogo, kuna baba ana mtoto mgonjwa anamwambia Yesu "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", yani anaamini na hapohapo ana mashaka, na Yesu hakumfukuza, mtoto akapona. Hiyo sentensi yake ndo ilikuwa sala yangu ya kwanza kwasababu sikuwa na maneno mengine, we nawe ukikosa la kusema isome hiyohiyo inatosha.

Kanisani ingia tu, kaa benchi la nyuma, hakuna anayedai cheti cha ubatizo mlangoni. Watu wakienda kupokea meza ya Bwana, yani ule mkate na divai, we baki umekaa, sadaka nayo sio lazima. Ila nenda zaidi ya mara moja, na ibada ikiisha mfate padri au mchungaji umuulize maswali yako hata yale unayoona ya aibu. Akikasirika kuulizwa, au akitaka hela ndo akuombee, hapo ondoka tafuta kwingine. Na ubatizo usikimbizwe, Wakatoliki kwa mfano mtu mzima anapitia kwanza mafundisho ya ukatekumeni, yani ya kumwandaa kubatizwa.