Jicho la mtoto wa mbwa halipimwi kwa kipimo cha mbwa mzima

SWALI: Mbwa wangu ana watoto wanne wenye umri wa wiki tatu. Nikiwapungia mkono usoni hawapepesi, na macho yao yana ukungu wa buluu. Je, ni vipofu? Na daktari wa mifugo huanzia wapi anapokagua jicho?

JIBU: Dalili hizo mbili ni za kawaida katika umri huo, wala hazitoshi kumwita mnyama kipofu. Kupepesa kwa kutishiwa mkono ni jambo la kujifunza, kwa sababu picha hutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi ubongoni, ikatambuliwa kuwa ni hatari, ndipo kope zikafumba. Kwa mbwa, njia hiyo hukomaa anapokaribia miezi mitatu. Hata kwa mbwa mzima, mkono unaopungwa kwa nguvu husukuma upepo, na jicho lisiloona hupepesa kwa kuuhisi upepo huo. Kwa hiyo jibu ulilopata lingeweza kukupotosha hata kama wangepepesa.

Chanzo cha kuchelewa huku kipo tangu tumboni. Jicho huanza kama kifuko kinachochipuka kutoka kwenye ubongo wa kiinitete. Kinapoikaribia ngozi ya nje, ngozi hiyo hunenepa na kuwa lenzi, nacho kifuko hujikunja kama kikombe kinachokuja kuwa retina. Ndama huzaliwa macho wazi, lakini mtoto wa mbwa huzaliwa kope zikiwa zimeshikana, zikaachana kati ya siku ya 10 na ya 14, huku retina ikiendelea kukomaa kwa wiki kadhaa baadaye. Ukungu unaouona hutokana na konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ambayo bado ina maji mengi, nao hupungua wenyewe.

Daktari huanza kwa kumtazama mnyama kwa mbali kabla ya kumgusa: anatembeaje, macho yanalingana, jicho moja linakodolewa au kufinywa? Kisha huweka karatasi ya kupima machozi kwa dakika moja, kabla ya dawa yoyote ya matone, kwani matone yangeilowesha. Mbwa mzima mwenye afya huilowesha milimita 15 au zaidi. Baadaye humulika kurunzi katika chumba chenye giza. Hapa wengi hukosea: mboni kusinyaa si uthibitisho wa kuona, kwa kuwa kitendo hicho hakipiti sehemu ya ubongo inayofasiri picha. Rangi maalumu huonyesha kidonda cha konea kwa kung'aa kijani, na shinikizo la jicho hupimwa kabla ya kuweka dawa ya kupanua mboni, ambayo inaweza kumdhuru mnyama ambaye shinikizo la jicho lake limepanda.

Nakusihi usitumie matone yaliyobaki nyumbani, hasa yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), kwa maana kwenye jicho lenye kidonda yanaweza kuitoboa konea.

Kwa sasa, gusa taratibu pembe ya jicho la kila mtoto, anapaswa kufumba. Asipofumba, au jicho likiwa jekundu, mpeleke kwa daktari. Na katika uzao mwingine, ukiona kope ambazo hazijafunguka zimevimba au zinatoa usaha, mpeleke siku hiyohiyo, kwa kuwa usaha uliofungiwa ndani huweza kuliharibu jicho kabla halijafunguka.