Unageuza gereji kuwa chumba cha mama? Pima kimo cha sakafu na cha karo la majitaka kabla ya kununua hata tofali moja

Dada, usimpe huyo fundi hela ya kuanzia Jumamosi. Msimamishe kwanza.

Umeuliza mengi kwenye uzi huu: jumla ya gharama ya kugeuza gereji ya mita 3 kwa 6 iwe chumba na choo cha ndani kwa ajili ya mama, dari liwe la jipsamu au mbao, kibali kinahitajika au la, na kama utenganishe mita ya umeme ya LUKU. Wachangiaji wa juu wamekurundikia bei za jipsamu. Mimi kilichonishtua ni ile sentensi yako ya katikati, kwamba fundi amekagua na kusema "sakafu iko tayari, ni kujenga ukuta pale kwenye geti, kukata kona ya choo na kulaza tailizi, milioni 3 na nusu inatosha."

Maneno hayo niliambiwa na mimi, Kimara, mwaka 2023, nilipokuwa namtengenezea baba chumba ili akae karibu na kliniki yake Muhimbili. Sakafu haikuwa tayari, na ya kwako haiko tayari. Ni nadra gereji kuwa na sakafu iliyo tayari kulaliwa na mtu.

Sakafu ya gereji hujengwa kwa ajili ya gari. Huwa chini ya sakafu ya nyumba ili gari lipande bila shida, na huwekewa mteremko kuelekea getini ili maji ya mvua na ya kuoshea yatoke nje. Mafundi wengi hawaweki nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kwa sababu gari halidhuriwi na unyevu. Kwa gari, mambo yote hayo ni sahihi. Ukimweka binadamu mwenye kitanda, godoro na choo, kila moja linageuka tatizo, na choo ndicho kinachokuja kukumaliza. Naomba unifuate taratibu hapa, kwa sababu ndipo hela yangu ilipozama.

Sakafu ya gereji yetu ilikuwa sentimita 38 chini ya sakafu ya nyumba. Bomba la majitaka la nyumba linaingia kwenye karo likiwa sentimita 70 chini ya sakafu ya nyumba. Toa 38 kwenye 70. Ukisimama gerejini, mdomo wa karo, pale bomba linapoingilia, uko sentimita 32 tu chini ya miguu yako. Sasa choo cha kukaa kinahitaji bendi (kona ya bomba) chini yake, na bomba la inchi 4 likishapinda linakuwa limeshazama sentimita 25 hivi kabla halijaanza safari. Kutoka kona ile hadi kwenye karo ni mita 11. Mteremko salama wa bomba la choo ni kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwa mita 11 unahitaji kushuka karibu sentimita 28. Jumlisha 25 na 28 upate 53. Sisi tulikuwa na 32.

Hesabu hiyo ni ya darasa la tano. Fundi hakuifanya. Alichofanya ni kulaza bomba karibu bapa, akalifukia, akapitisha jamvi la juu, akalaza tailizi nzuri zinazong'aa, akamwaga ndoo moja ya maji chooni mbele yangu. Yakaenda. Akachukua hela yake.

Ndoo ya maji safi itapita hata kwenye bomba bapa. Uchafu haupiti. Maji yanatangulia, kilicho kizito kinabaki njiani, kinajikusanya kidogo kidogo. Baada ya muda choo kikaanza kuvuta kwa uvivu, tukawa tunasukuma kwa maji mengi. Halafu zikaja mvua za vuli za 2023, zile za El Niño. Ardhi ikalowa, shimo la kunyonya maji yanayotoka karoni likashindwa kunyonya, karo likajaa mpaka juu ya mdomo wa bomba. Karo likijaa, maji hurudi na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Kwetu lilikuwa tundu la bafu la baba.

Elewa maana yake, dada. Vyoo vya nyumba kubwa viliendelea kufanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu viko juu. Watu walikuwa wanaoga, wanafua, wanavuta maji chooni, hakuna aliyejua kitu. Kila tulichokimwaga sisi kilikuwa kinatokea chumbani kwa mzee. Aliamka usiku kwenda msalani akakanyaga maji machafu, mtu wa miaka 74 mwenye presha, na hakumwamsha mtu yeyote. Alikaa kitandani miguu imekunjwa mpaka asubuhi. Alipoulizwa akasema hakutaka kusumbua, tumeshatumia hela nyingi. Wewe unamleta mama mwenye magoti mabovu. Fikiria akiteleza.

Tulimhamishia sebuleni, tukaanza kuita gari la majitaka. Kila likija ni laki na zaidi, na mvua ikinyesha tena karo linajaa upya, maana maji ya ardhini yenyewe yanaingia. Na wewe umesema uko Tabata, kiwanja kimeelekea bondeni. Hali yako inaweza kuwa mbaya kuliko yangu, sisi tulikuwa kwenye mwinuko.

Fundi nilimpigia. Kwanza akasema tunatumia karatasi nyingi chooni. Akaja na hoja kwamba karo ni dogo. Mwisho akasema "bosi, mvua za mwaka huu zimezidi." Mvua haikulaza bomba bapa, ni yeye. Alikuwa na pima maji kwenye mfuko wake siku zote zile na hakuitoa hata mara moja. Na yule ndugu yangu aliyemleta kwa sifa kwamba amejenga nyumba kumi na ngapi sijui, hakuwahi kuuliza hata mmoja wa wenye nyumba hizo kama choo kinafanya kazi wakati wa masika. Mtu akikuletea fundi, mwambie akupeleke kwenye kazi ya huyo fundi iliyopita msimu mmoja wa mvua. Kazi iliyoisha mwezi jana haikuambii lolote.

Hela sasa, maana uliuliza. Kwetu bei ya kuambiwa ilikuwa milioni 3.8, ikaishia milioni 5.1. Kuvunja na kurudia kukala milioni 4.6 nyingine: kung'oa tailizi, kutoa choo na sinki, kupasua sakafu kufukua bomba, kuleta kifusi, kumwaga jamvi jipya, kununua tailizi upya kwa sababu zilizong'olewa nyingi zilivunjika, na kupandisha fremu ya mlango wa pembeni pamoja na kukata linta yake, ile boriti ya zege juu ya mlango. Kama sakafu ingepandishwa mwanzoni, kabla ya kitu kingine chochote, kazi hiyo ingekuwa kama laki 8 na nusu: tipa moja ya moramu (udongo wa changarawe), mifuko 12 hivi ya saruji, kokoto, mchanga, nailoni nzito na ufundi.

Tulipopandisha sentimita zile 38 mpaka usawa wa nyumba, mdomo wa karo ukawa sentimita 70 chini yetu, na tunahitaji 53. Bomba likalala na mteremko wake kamili na nafasi ikabaki. Faida nyingine ni kwamba ule mlango wa ndani wa kutoka korido kwenda gerejini, uliokuwa na ngazi mbili, ukawa sawasawa na chumba. Kwa mtu wa magoti hilo peke yake linatosha kupandisha sakafu.

Usiogope kwamba dari litakuwa chini. Gereji iliyo chini ya paa moja na nyumba mara nyingi ina mkanda uleule wa zege juu ya kuta, kwa hiyo ukipandisha sakafu unarudi tu kwenye urefu wa vyumba vingine. Kama banda lako la gari limejengwa peke yake na paa fupi, hapo pima kwanza, maana ukibaki na mita 2 na kidogo chini ya bati la Dar chumba kitakuwa tanuri.

Ikiwa huwezi kupandisha vya kutosha, choo kisikae kwenye hiyo kona aliyochagua fundi kwa sababu ni rahisi kwake. Kisogeze kwenye ukuta ulio karibu kabisa na chemba (kishimo cha kukagulia mabomba ya majitaka) ili bomba liwe fupi, au uchimbe karo jingine upande wa chini wa kiwanja. Kuna watakaokushauri valvu ya kuzuia maji kurudi. Iweke, inasaidia, lakini haimpi mtu mteremko ambao haupo. Na ikifunga wakati karo limejaa, maji ya chumba chenyewe nayo hayatatoka.

Unyevu. Zege lisilo na nailoni linanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Hutauona wakati wa kiangazi. Masika utaona rangi inatoa vipele, ukuta wa chini unatoa unga mweupe wa chumvi, nguo kabatini zinanuka uvundo. Kujua hali ya sakafu yako leo ni rahisi: chukua kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita, kilaze sakafuni, bandika kingo zote nne kwa soltepu pana, ukiache usiku mmoja na mchana wake. Ukikifunua ukakuta matone chini yake au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, maji yanapanda. Hapo tailizi hazikuokoi, zinaficha tu. Nailoni ilazwe juu ya kifusi kilichoshindiliwa na kusawazishwa kwa mchanga ili mawe yasiitoboe, ipishane kwenye maungio, na ipandishwe ukutani mpaka juu ya jamvi jipya.

Kifusi kishindiliwe kwa tabaka. Kimwagwe sentimita 15, kimwagiliwe maji, kishindiliwe, ndipo tabaka linalofuata. Wakimwaga chote kwa mara moja wakakikanyaga kwa buti, baada ya mwaka sakafu itadidimia katikati na bomba lako litavunjikia humohumo ndani.

Ukuta wa getini, ambao fundi wako ameuhesabia kama ndiyo kazi yenyewe, ndio rahisi kuliko vyote. Uwazi wa geti wa mita 2.6 kwa 2.1 ukitoa dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 unabaki na kama tofali 40 za inchi 6. Jambo moja tu uliza: chini ya geti kuna msingi? Mara nyingi hakuna, jamvi linapita tu. Ukuta ukijengwa juu ya jamvi tupu utaachana na kuta za pembeni kwa nyufa. Wachimbe mtaro, wamwage zege na nondo, waunganishe na msingi uliopo. Dirisha usilipunguze chini ya moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kwako ni mita za mraba 1.8, na lingine dogo upande wa pili ili upepo upite. Pia pevingi ya nje, kama imeinama kuelekea gerejini, igeuzwe iiname kwenda barabarani, la sivyo mvua yote ya uwanjani italala kwenye ukuta mpya.

Kibali, ndiyo, kinahitajika. Unabadilisha matumizi na unaongeza choo. Tabata iko chini ya Halmashauri ya Jiji, anzia ofisi ya serikali ya mtaa wakuelekeze. Usikubali ile ya "tufanye usiku usiku, geti limefungwa nani ataona." Malori ya kifusi yanaonekana.

Kwa ukubwa wako, ukipandisha sakafu, ukaweka nailoni na choo chenye mteremko, ukiwa na tailizi na madirisha ya aluminiamu ya kawaida, jiandae kwa milioni 6 hadi 7. Ikiwa huna yote sasa, fanya sakafu na mabomba peke yake, funga ukuta, na acha plasta na rangi kwa mwakani. Rangi mtu anapaka wakati wowote. Sakafu hutairudia mama akiwa ameshalala juu yake.

Fanya hivi kabla ya Jumamosi. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, ujaze maji bila mapovu ya hewa. Ncha moja mtu aishike mlangoni pa nyumba, nyingine ipeleke gerejini, kisha kwenye chemba na kwenye mdomo wa karo. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, kwa hiyo unapima kwa futi kutoka kwenye usawa huo kwenda chini, kila mahali. Nataka namba nne: sakafu ya nyumba, sakafu ya gereji, chini ya bomba linapoingia kwenye karo, na umbali wa choo hadi kwenye karo. Ziandike hapahapa kwenye uzi, tutapiga hesabu wote tukiwa tunaona, halafu umsomee fundi umsikie anavyojibu.