Nilisaini mtoto aongezewe damu, baba yake amekataa: je, nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Tanga, nina mtoto wa miaka mitano mwenye seli mundu. Mwezi uliopita alishikwa na malaria, damu ikashuka mpaka gramu 4, daktari akasema aongezewe usiku uleule. Mume wangu akakataa. Alisema damu ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, tena hatumjui aliyeitoa. Daktari akasema akishikilia msimamo huo ataitwa afisa ustawi wa jamii. Mimi nikasaini. Mtoto mzima, alhamdulillah, lakini mume wangu anasema nimemuasi na nimemlisha mwanawe haramu. Je, nina dhambi? Na aliyetoa damu ile amekuwa ndugu wa mwanangu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Binti yangu, huna dhambi. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa najua umelala nalo kifuani mwezi mzima.

Hoja ya mumeo hakuizua. Suratul Maida, aya ya 3, inataja damu pamoja na nyamafu na nyama ya nguruwe katika yaliyoharamishwa. Ila aya hiyo inamalizia kwa mwenye kushikwa na dharura bila kupendelea dhambi: Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe, Mwenye kurehemu. Anayeisoma nusu amechukua katazo na kuiacha rehema iliyoteremka nalo. Sisi wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu damu iliyomwagika ni najisi, sawa. Lakini Imam Nawawi ameeleza kuwa kujitibu kwa najisi isiyolevya kunajuzu pale ambapo hakuna kitu tohara cha kushika nafasi yake. Mtoto aliyebaki na gramu 4, anahema juu juu, hangojei kuchemshiwa majani wala kusomewa peke yake. Kisomo kiwepo, na damu iingie.

Nikumbushe kisa alichokisimulia Jabir, Mwenyezi Mungu amridhie, kimo katika Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja akapigwa jiwe, akapasuka kichwa. Usiku akaota na kupatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya kuoga. Wakamwambia hana, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari alisema: “Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui?” Waliomjibu vile hawakuwa waovu, walikuwa watu wema walioogopa kuvunja sheria. Kila nikikisoma kisa hiki natetemeka, maana nami kazi yangu ni kujibu watu.

Kuhusu kumuasi mume. Hind binti Utba alimshtakia Mtume kwamba Abu Sufyan hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Akaambiwa achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema, ingawa mume hajui. Kama haki ya mtoto ya chakula haikungoja idhini ya baba, itangojaje haki yake ya kuishi?

Wengi hudhani baba anammiliki mtoto. Hapana, amepewa amana, na amana ina mipaka. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanazuoni wa sheria ya dini, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Mei 1992, iliamua kwamba walii, yaani msimamizi wa mtoto, akikataa matibabu na madhara kwa mtoto yakawa wazi, kukataa kwake hakuhesabiwi. Haki ya kuidhinisha inahamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mtawala. Kwa hiyo yule daktari aliyemtaja afisa ustawi wa jamii hakuivamia dini yenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamlazimu mzazi kumpatia mtoto matibabu, na inakataza mtu yeyote kumnyima. Hapo fiqhi na sheria ya nchi zimekutana.

Ndugu zetu Mashahidi wa Yehova wanakataa damu kwa kutegemea Matendo ya Mitume, sura ya 15, na wengi wao wanaamini kwa dhati. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mlezi wa imani hiyo ambayo wala haikuhusu damu, ilisema mzazi ana hiari ya kuifia imani yake, lakini hana ruhusa ya kuwafanya watoto wake waifie kabla hawajafika umri wa kujiamulia. Niliposoma maneno hayo nilimkumbuka yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira. Alichagua kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano hajachagua chochote, na mzazi hawezi kumsubiria kwa niaba yake.

Udugu hakuna. Majmaa ya Makka, baraza jingine la wanazuoni, mwaka 1989 ilibainisha kuwa kuongezewa damu hakuharamishi ndoa kama kunavyoharamisha kunyonya ziwa moja. Dini ya mtoaji nayo haidhuru kitu. Kinachotakiwa ni damu iwe salama, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla haijatolewa kwa mgonjwa.

Mumeo usimwite muuaji, wala usiwaache ndugu zako wamwite hivyo. Aliogopa dhambi, na usiku ule hakuwepo wa kumweleza. Msomee jibu hili akiwa ametulia, na akitaka, aje baada ya Isha tukae wawili. Mtoto wa seli mundu huweza kuhitaji damu tena, kwa hiyo yamalizeni mapema, mtoto akiwa mzima anacheza uani. Na akiridhika moyo wake, mwambie aende mwenyewe kuchangia damu.

Wallahu aalam.