Theluji ya Kijivu

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nilizoea kupiga picha mitaani Kampala, na sasa ninasoma Chicago. Kwa nini theluji katika picha zangu hutoka ya kijivu?

Jibu: Ndugu msomaji, kosa si lako. Kipimamwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, hivyo kikikutana na weupe uliotanda barabara nzima hupunguza mwanga hadi theluji ifanane na jivu. Ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 2 (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili), ukichunga zisipotee alama za nyayo, ambazo kwangu ndizo uhai wa picha hizo. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, kwani baridi huidhoofisha. Kabla ya kuingia nyumbani, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, ili unyevu wa hewa yenye joto usitande kwenye lenzi.